Ametolewa kibofu, sasa anaishije? Majibu kuhusu saratani ya kibofu cha mkojo kwa watu wa Kusini

Mtu akirudi Mtwara au Lindi kutoka Dar es Salaam, na habari ikasambaa kwamba alikwenda kutibiwa saratani ya kibofu cha mkojo, maswali huanza kabla hajamaliza kupokea pole. Ametolewa kibofu, anakojoaje? Si ni kichocho tu, kile tulichougua wengi utotoni? Kama amepona, mbona kila baada ya miezi mitatu anaitwa tena? Na lipo swali linaloulizwa pembeni, mwenyewe akiwa hayupo: ni kweli saratani ikiguswa na kisu ndiyo inatawanyika?

Majibu yapo. Shida ni kwamba kijiweni magonjwa manne au matano hufanywa moja. Kichocho, UTI, kisonono na tezi dume vyote vinaingizwa kapu moja, na huku kwetu kuna "mshipa" pia, jina linalobebeshwa kila kinachouma chini ya kitovu. Mchanganyo huo una gharama. Mzee anayekojoa damu akiamini ni mshipa atatibiwa mshipa mwaka mzima, huku kitu kingine kikikua.

Tuanze na kibofu chenyewe. Ni mfuko wa misuli ulio chini kabisa ya tumbo, nyuma ya mfupa wa kinena. Figo mbili huchuja damu na kutengeneza mkojo, mkojo hushuka kwa mirija miwili hadi kibofuni, na hapo hukaa mpaka upate nafasi ya kwenda haja. Kibofu cha mtu mzima hubeba kama mililita 400 hadi 500.

Ukuta wake una matabaka, na hapa ndipo penye ufunguo wa mambo yote yanayofuata. Fikiria nyumba ya miti na udongo iliyopigwa lipu kwa ndani. Lipu ni ngozi laini inayogusana na mkojo. Nyuma ya lipu kuna udongo, yaani tabaka jembamba lenye mishipa ya damu. Ndani zaidi ndiyo miti yenyewe: misuli inayojikaza kuusukuma mkojo nje. Saratani ya kibofu karibu kila mara huanzia kwenye lipu. Ikiwa bado ipo kwenye lipu, au imeingia udongoni tu, daktari anaweza kuikwangua na nyumba ikabaki imesimama. Ikishaingia kwenye miti, kukwangua hakutoshi.

Kwa hiyo watu wawili wanaweza kuambiwa wana saratani ya kibofu na wakawa na safari tofauti kabisa. Mmoja anakwanguliwa, anarudi kwenye mikorosho yake baada ya wiki chache. Mwingine anaondolewa kibofu kizima. Anayewalinganisha na kusema "mbona fulani hakukatwa" hajui kwamba swali la kwanza ni moja: imefika kwenye misuli au haijafika? Mgonjwa aliyetoka hospitali bila kulijua jibu la swali hilo ana haki ya kurudi na kuuliza, na aulize.

Damu isiyouma

Dalili kubwa ni damu kwenye mkojo, na mara nyingi haiambatani na maumivu yoyote. Inaweza kuonekana leo, mkojo ukawa wa pinki, mwekundu au wa kahawia, kisha ikapotea wiki tatu. Kupotea huko ndiko kunakowadanganya watu. Mtu anakunywa dawa fulani, damu inakata, anasema dawa imefanya kazi. Huenda ingekata hata kama asingekunywa kitu.

Wengine hupata mkojo wa mara kwa mara, haraka ya kukojoa au kuungua, na hizo ni dalili za UTI vilevile. Kanuni ya kushika ni hii: mtu mzima aliyekojoa damu, hata mara moja, apimwe mpaka chanzo kijulikane. Aliyepewa dawa za UTI mara mbili au tatu na damu ikarudi asipewe ya nne bila kibofu kuangaliwa.

Wanawake huchelewa zaidi kugundulika, kwa sababu damu inadhaniwa ni ya hedhi au ya kizazi. Mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi akiona damu kwenye nguo ya ndani, kizazi kipimwe na mkojo upimwe. Kimoja kisiachwe kwa sababu kingine kimeangaliwa.

Kwa vijana kuna imani ya zamani, inayosikika sehemu nyingi za Afrika, kwamba mvulana akikojoa damu ndiyo anaingia utu uzima. Anachoingia ni kichocho.

Kichocho na saratani ni ndugu wa namna gani

Kichocho cha mkojo husababishwa na minyoo midogo inayoishi kwenye mishipa ya damu iliyozunguka kibofu. Mtu huipata akiingia kwenye maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, yenye konokono wanaoibeba: madimbwi, mabwawa, vijito, majaruba ya mpunga, kingo za mito kama Lukuledi na Ruvuma. Vimelea hupenya ngozi. Hakipatikani kwa kukojoa mahali alipokojoa mwingine, wala kwa kukaa juani, na baharini hakipo, kwa sababu konokono hao hawaishi kwenye maji ya chumvi. Mvuvi wa Mikindani mwenye kichocho amekipata nchi kavu, pengine kwenye bwawa alilokuwa akiogelea akiwa mtoto.

Mnyoo jike hutaga mayai. Sehemu ya mayai hutoka na mkojo, yakiwa yamechana chana njia, ndiyo maana mtoto anakojoa damu. Sehemu nyingine hunasa ndani ya ukuta wa kibofu na kubaki humo. Mwili unapambana nayo miaka nenda rudi, ukuta unavimba, unapona kwa kovu, unavimba tena. Ngozi inayochokozwa na kujijenga upya kwa miaka 20 au 30 hatimaye inaweza kujijenga vibaya. Hiyo ndiyo saratani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilikiweka kimelea hiki kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1994, kundi la vitu ambavyo ushahidi wake umetosha.

Je, kila aliyewahi kuugua kichocho atapata saratani? Hapana. Wengi hawapati kabisa. Kinachoongeza hatari ni kuambukizwa mara kwa mara na kukaa miaka bila tiba. Misri, nchi ambayo daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliigundua minyoo hii mwaka 1851, ilikaa miongo mingi saratani ya kibofu ikiwa ndiyo inayoongoza kwa wanaume. Kichocho kilipodhibitiwa, aina ya saratani inayotokana nacho ikapungua.

Tiba ya kichocho ni vidonge vya prazikwanteli, vile wanavyopewa wanafunzi shuleni baada ya kupimwa urefu kwa kijiti. Vinaua minyoo. Haviondoi kovu lililokwisha kujengeka, na haviponyi saratani. Mtu mzima mwenye damu kwenye mkojo akimeza vidonge hivyo halafu akatulia, amejitibu nusu ya swali. Na watu wazima ndio wanaosahaulika: mtoto anapewa dawa darasani, mama yake anayelima mpunga kwenye maji yaleyale hapewi, mpaka aende mwenyewe zahanati kuomba kupimwa.

Saratani inayotokana na kichocho ina tabia yake. Mara nyingi hugundulika ikiwa tayari imeingia kwenye misuli, na haisikii sana dawa zinazowekwa ndani ya kibofu. Tiba yake kuu ni upasuaji. Ndiyo maana mgonjwa wa Kusini anayesoma au kusimuliwa habari za wagonjwa wa Ulaya, ambako saratani nyingi hukutwa bado ziko juujuu, asidhani ananyimwa tiba waliyopewa wao. Aina ni tofauti.

Kisababishi kingine kikubwa ni sigara, na hiki hakitajwi sana vijiweni, labda kwa sababu kijiweni ndiko inakovutwa. Mvutaji anajua habari ya mapafu, lakini kibofu kinahusikaje? Sumu ya moshi huingia kwenye damu, figo huichuja, na kibofu hukaa nayo saa kadhaa kila siku. Mvutaji ana hatari takribani mara tatu ya asiyevuta, na katika nchi nyingi karibu nusu ya saratani za kibofu zinatokana na tumbaku. Aliyekwisha kutibiwa akiendelea kuvuta anaipa saratani nafasi ya kurudi.

Na salfa? Kila msimu wa kupulizia mikorosho ukifika swali hili huibuka. Salfa inawasha macho na kifua, na anayepuliza anahitaji barakoa na nguo za kumfunika. Lakini haimo miongoni mwa visababishi vinavyojulikana vya saratani ya kibofu.

Kamera, kukwangua, na kwa nini wanarudia

Kipimo cha mkojo na utrasaundi ndivyo mwanzo, na vinapatikana katika hospitali za mikoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi. Utrasaundi ikisema kibofu ni safi huku damu inaendelea, bado haijamaliza mambo, maana uvimbe mdogo au uliolala bapa unaweza kuikwepa. Kipimo kinachoona ni kamera: mrija mwembamba wenye taa unaopitishwa kwenye njia ya mkojo. Unatia hofu kuusikia. Kwa kawaida ganzi hupakwa kwanza, na kinachobaki ni kuungua kidogo unapokojoa kwa siku moja au mbili.

Uvimbe ukionekana, unakwanguliwa kwa kupitia njia hiyohiyo, bila kukata tumbo, mgonjwa akiwa amechomwa sindano ya ganzi mgongoni au amelazwa usingizi. Kinyama kinapelekwa maabara. Hapo ndipo jibu la lipu, udongo au miti linapopatikana. Wakati mwingine daktari hukwangua mara ya pili baada ya wiki chache. Wengi hutafsiri kwamba mara ya kwanza walikosea. Sivyo: kwa uvimbe mkali, au pale kinyama cha kwanza kilipokuwa hakina misuli ya kutosha kuonyesha mwisho wa ugonjwa, kurudia ndiyo kazi nzuri.

Kisu hakitawanyi saratani. Hadithi hiyo imezaliwa na watu waliofika wakiwa wamechelewa, wakafunguliwa, ugonjwa ukakutwa umekwisha kuenea, wakafariki baadaye. Lawama ikapewa kisu, kwa kuwa ndicho kilichoonekana.

Baada ya kukwanguliwa, mkojo huwa na damu siku chache. Karibu wiki mbili baadaye damu inaweza kujitokeza tena kidogo, gaga la kidonda linapobanduka. Kunywa maji. Ikija na mabonge, au mkojo ukagoma kutoka, hiyo ni safari ya hospitali usiku uleule.

Chanjo ya mtoto mchanga kibofuni

Kwa saratani ya juujuu lakini yenye ukali, kuna tiba inayowashangaza watu: BCG, chanjo ileile ya kifua kikuu anayopigwa mtoto akizaliwa, ikatuachia kovu karibu na bega. Tangu daktari Alvaro Morales wa Kanada na wenzake walipochapisha matokeo yao mwaka 1976, imekuwa tiba kuu ya kundi hilo. Inaingizwa kibofuni kwa mrija mwembamba wa mpira, mara moja kwa wiki, kwa wiki sita, na mgonjwa hujitahidi kukaa nayo kama saa mbili kabla ya kukojoa. Baadaye wengi hupewa dozi za kuendeleza.

Haiui saratani yenyewe. Inauchokoza ukuta wa kibofu, askari wa mwili wanakimbilia hapo, na wakiwa hapo wanakutana na seli za saratani. Kwa hiyo kuungua, kwenda haja kila mara na homa ndogo ya siku moja au mbili ni dalili kwamba mwili umeitika. Homa kali, au inayoendelea baada ya hapo, ni jambo jingine. Bakteria wa BCG wamedhoofishwa, lakini ni hai, na mara chache huweza kuenea mwilini. Mwambie daktari, na akiwa ni daktari mwingine mtajie kwamba uliwekewa BCG, vinginevyo atakutibu malaria.

Kwa saa sita baada ya kila dozi, kojoa ukiwa umekaa au umechuchumaa, na mwaga jiki chooni, uiache kidogo kabla ya kumwaga maji. Wenye choo cha shimo wafanye hivyohivyo. Kondomu itumike kwa muda wa tiba. Zaidi ya hapo, mgonjwa wa saratani ya kibofu hamwambukizi mtu. Kulala naye, kula naye sahani moja, kumfulia, hakuna ubaya wowote. Na kwenda kliniki ya watoto kuomba "ile sindano" hakusaidii: dozi ya kibofu ni nyingine, na haipigwi begani.

Kurudi kwa ugonjwa

Hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo, maana naona ndipo penye madhara makubwa kuliko yote. Saratani ya kibofu ya juujuu ina tabia ya kurudi. Si lazima irudi palepale; lipu nzima ilikwisha kuguswa na sumu ileile au uchokozi uleule, na sehemu nyingine inaweza kuota. Kwa hiyo kupona ugonjwa huu hakuishii siku ya kutoka wodini. Kamera ya kwanza huwa baada ya miezi mitatu. Kwa walio kwenye hatari kubwa huendelea kila miezi mitatu kwa miaka miwili, kisha kila miezi sita hadi mwaka wa tano, kisha mara moja kwa mwaka. Wenye hatari ndogo hupangiwa kamera zilizoachana zaidi.

Uvimbe mdogo ukikutwa kwenye kamera ya miezi tisa baada ya tiba, unakwanguliwa, na mgonjwa anaendelea na maisha. Ratiba imefanya kazi yake. Ila nyumbani habari hufika hivi: "ugonjwa umerudi, hospitali imeshindwa." Ndugu wanakaa kikao, fedha za kamera inayofuata zinapelekwa kwa mganga, na ule mwaka ambao uvimbe ungeonekana ukiwa kwenye lipu unapita. Anaporudi hospitali, upo kwenye miti. Anayetaka kumsaidia mgonjwa wake aanze kwa kuilinda ratiba hiyo.

Inayochosha zaidi ni hofu ya wiki moja kabla ya kamera. Mtu halali, hali chakula, anakuwa mkali kwa watoto. Wanaoishi na ugonjwa huu karibu wote wanaijua. Haina kidonge, lakini inapungua mtu akiisema, na kadiri kamera safi zinavyoongezeka.

Kuishi bila kibofu

Saratani ikiingia kwenye misuli, njia ni kuondoa kibofu, mara nyingi kwa kutanguliza dawa za saratani za mshipani, au kutumia mionzi pamoja na dawa kwa wanaofaa kukibakiza. Kwa mtu wa Kusini mionzi maana yake ni Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road, kwa wiki kadhaa.

Anakojoaje sasa? Daktari hukata kipande cha utumbo mwembamba, kama sentimita 15 hadi 20, na kuunga sehemu zilizobaki ili chakula kiendelee kupita. Mirija miwili ya figo inaunganishwa kwenye kipande hicho, na mwisho wake mmoja unatolewa nje kupitia ngozi ya tumbo, kwa kawaida kulia chini ya kitovu. Tundu hilo huitwa stoma. Mkojo unatoka hapo muda wote, wenyewe, na kuingia kwenye mfuko uliobandikwa juu yake. Figo hazijui kama kibofu kimeondoka. Kuna pia njia ya kushona kibofu kipya kwa utumbo ndani ya tumbo, mtu akakojoa kwa njia yake ya kawaida, ila anakojoa kwa saa badala ya kusikia haja, na usiku huweza kuvuja. Si kila mgonjwa anafaa.

Kabla ya upasuaji, stoma huwekewa alama kwa kalamu. Hapo usikae kimya. Mwonyeshe muuguzi unapofunga msuli au khanga, unapokaza mkanda, unavyochuchumaa na kuinama unapopalilia. Alama iliyowekwa umelala tu kitandani inaweza kuangukia kwenye kunjo la tumbo au palepale pa fundo la khanga, na mfuko utakuwa unabanduka miaka yote. Dakika kumi za kuchuchumaa mbele ya muuguzi zinaokoa mateso mengi.

Stoma yenye afya ni nyekundu na yenye unyevu, na haiumi ikiguswa. Ikibadilika kuwa ya zambarau iliyokoza au nyeusi, nenda hospitali. Ute mweupe kwenye mkojo ni wa kawaida. Utumbo hutoa ute, hata ukipewa kazi mpya. Mfuko unamwagwa kwa kifunguo chake cha chini ukifika theluthi au nusu, usiuache ujae ukavuta gundi. Kuubadilisha wenyewe hutegemea aina, mara nyingi kila baada ya siku tatu hivi. Wakati mzuri ni alfajiri kabla ya kunywa kitu, mkojo ukiwa mchache. Ngozi inaoshwa kwa maji, inakaushwa vizuri. Mafuta ya kupaka na sabuni yenye mafuta hapana, gundi haitashika. Joto la pwani na jasho hulegeza gundi mapema, kwa hiyo mifuko ya akiba ikae kivulini, na mtu awe na akiba ya kutosha, maana huku haipatikani kila duka la dawa. Usiku mfuko huunganishwa kwa mpira na mfuko mkubwa ulio kando ya kitanda, mtu akalala.

Chini ya kanzu, gauni au shati lisilochomekwa, haionekani. Harufu ikiwepo, mfuko unavuja au mkojo una maambukizi. Mfuko uliokaa vizuri haunuki. Watani watatafuta pa kushika, hilo halizuiliki, na pengine mgonjwa akianza kucheka nao kidogo ndipo ndugu watakapojua yuko sawa.

Swala huwasumbua wengi. Fiqhi ya Shafii, inayofuatwa zaidi pwani yetu, inamtambua mwenye udhuru wa kudumu, asiyeweza kuzuia mkojo: anasubiri wakati wa swala uingie, anajisafisha, anatawadha, anaswali bila kuchelewa, na kinachotoka katikati hakimvunjii. Hutawadha upya kwa kila swala ya faradhi. Maelezo madogomadogo muulize sheikh wako, lakini usiache msikiti kwa aibu. Kufunga Ramadhani aulize na daktari pia, kwa sababu mwili huu unahitaji maji, lita mbili au zaidi kwa siku, na figo zikikauka zinaumia. Kwa misa, kaa karibu na mlango.

Ndoa ni gumu zaidi, na ndilo wengi wanalolinyamazia. Kwa mwanaume, upasuaji huondoa tezi dume pamoja na kibofu, na mishipa ya fahamu ya karibu huguswa. Nguvu hupungua au hupotea, na mbegu hazitoki tena. Kwa mwanamke, mara nyingi kizazi huondolewa, na uke unaweza kuwa mfupi au mkavu. Maswali haya yaulizwe kabla ya upasuaji, wote wawili wakiwepo, kwa sababu zipo njia za kujaribu kuokoa mishipa hiyo kwa baadhi ya wagonjwa, na zipo dawa na vifaa baadaye. Dawa za nguvu za barabarani zisiguswe. Mwanamke anayeona haya kumwambia daktari amwambie somo wake, alimfunda wakati wa raha, na wakati huu ni wake pia.

Kazi za shamba zinarudi, kwa subira. Kwa wiki sita hadi nane hakuna kubeba ndoo wala gunia la korosho. Baada ya hapo mizigo mizito ibaki kwa vijana, kwa kuwa utumbo unaweza kusukuma pembeni ya stoma ukafanya ngiri. Dawa za maumivu kama diklofenaki, zinazonunuliwa dukani bila cheti, zinaelemea figo, uliza kwanza. Vilevile miti shamba: anayeitumia amwambie daktari ni mti gani, asifiche. Homa yenye maumivu ya kiunoni, au mfuko kubaki mkavu kwa saa kadhaa, si ya kusubiri asubuhi.

Asiye na kibofu bado ana ratiba: picha za tumbo na kifua, damu ya kupima figo, na baada ya miaka kadhaa vitamini B12, kwa kuwa kipande cha utumbo kilichochukuliwa kilikuwa kikiinyonya.

Barabara

Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550. Ratiba ya matibabu huku kwetu ni ratiba ya basi pia. Kabla ya kupanda, mwaga mfuko, chukua mfuko wa akiba, maji na taulo ndogo kwenye begi la mkononi badala ya buti la basi, na mweleze kondakta mapema kwamba utahitaji kushuka kabla ya Nangurukuru. Barua ya rufaa, majibu ya kinyama na karatasi za upasuaji ziwekwe nakala, moja iende na moja ibaki. Kabla ya kusafiri, uliza kama kipimo unachofuata kinaweza kufanyika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini hapahapa Mtwara, na bima yako inalipia nini nje ya mkoa. Asiye na uwezo apitie ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Ipo kwa ajili hiyo, ingawa itabidi avumilie foleni.

Mvua za 2024 zilipoikata barabara upande wa Somanga, safari zilisimama. Likitokea tena, au msiba, au fedha za korosho zikichelewa, piga simu kliniki upewe tarehe ya karibu, ndani ya wiki chache. Kosa ni kuiruka kamera hiyo na kusubiri inayofuata. Na ukibadilisha laini ya simu, wapelekee namba mpya, kwa sababu majibu ya kinyama huchukua siku, na wao hukutafuta kwa ile uliyoandikisha.